Tarishi wa Njia ya Msituni

Kisarawe, Bomani
19 Machi 1951

Mke wangu Mwanaamina binti Mwinyimadi,

Salamu zikufikie ukiwa huna homa wala huzuni. Mimi ni mzima. Wiki mbili zimepita tangu niondoke hapo Soga, na sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Kila treni ya huko ikisimama Pugu namwomba mtu aniulizie kama kuna barua ya Kondo wa Boma. Naambiwa hakuna. Nyonga ya mama yako, uliyekwenda kumuuguza, inaendeleaje? Amekwisha anza kusimama, au bado unamshika kwapa mpaka uani?

Kazi ni ile ile, kupeleka samansi na barua za Serikali Msanga na Maneromango na kurudi na majibu. Ila nimebadili njia. Siku hizi barabara kubwa siipiti tena, malori yamezidi. Nikitoka bomani nashuka bondeni, naingia mkuza. Mkuza ni ile njia iliyofyekwa kuzunguka msitu wa Serikali, ule ambao ni marufuku kukata mti au kupiga mnyama. Majani yake mafupi, mchanga wake mgumu, baiskeli inateleza yenyewe. Tangu jua linatoka mpaka adhuhuri waweza usikutane na mtu ila mlinzi wa msitu. Mbega wanakaa juu wananitazama. Jana nilikuta kanga wa porini kama thelathini wamejaa njiani, nikashuka, nikawangoja wamalize mambo yao.

Ni mbali zaidi, saa moja na nusu zaidi, lakini roho yangu inatulia. Shati la kazi limechanika kiwiko. Nilianguka kidogo tu, si kitu. Nimelishona mwenyewe na ukiliona utacheka.

Niandikie, japo maneno matatu.

Mimi mumeo,
Kondo bin Mwinyijuma


Soga
2 Aprili 1951

Kondo,

Barua imefika. Mama anasimama akishika ukuta. Mvua zimeanza.

Nimesoma habari za mbega na kanga. Nimesoma mara mbili, nikidhani labda nimeruka mahali. Sikuruka. Lile nililokwambia asubuhi ile ukifunga mzigo hukulitaja.

Ikiwa una jibu, lilete. Ikiwa huna, nalo ni jibu.

Mwanaamina


Kisarawe
15 Aprili 1951

Mke wangu mpenzi,

Mbona umekuwa mkali hivyo? Ulilosema nililisikia. Usidhani sikusikia. Nilinyamaza kwa sababu jambo kama lile halijibiwi na mtu ambaye mguu mmoja uko juu ya kanyagio. Tangu siku ile nalifikiria njia nzima.

Basi nitasema lililo moyoni. Nyumba yetu ya hapa unaijua, chumba kimoja na ukumbi, na upande wa jikoni paa linavuja. Mtu wa tatu kwa sasa hatuna pa kumweka. Sisemi sitaki. Nasema tungoje. Masika yapite, nipate makuti, nitengeneze, ndipo tuzungumze. Na kama ndugu zako wanaweza kuubeba mzigo huo huko Soga mwaka mmoja au miwili, ingekuwa bora kwetu sote.

Usinielewe vibaya. Nataka ukirudi tukae kwa raha kama zamani, wewe na mimi.

Mumeo akupendaye,
Kondo


Soga
29 Aprili 1951

Kondo bin Mwinyijuma,

Mtu wa tatu hangoji makuti.

Umemwita mzigo. Miaka minane tumekaa, mara mbili umeniona nikilia hata ukalia pamoja nami, leo unaandika kwa mkono wako kwamba ndugu zangu waubebe mzigo huo. Haya. Wataubeba.

Na mengine yamenifikia. Kaka Maneno, ambaye wajua anaendesha lori la shamba la mkonge, alikukuta barabara ya Pugu mwishoni mwa Februari. Alipiga honi, akatoa kichwa dirishani, akakuita kwa jina lako na la baba yako. Hukugeuza hata shingo. Alidhani ni kiburi cha kaptura ya Serikali, akaninyamazia. Juma lililopita kapita Kisarawe akaulizia habari zako. Akaambiwa, "Kondo siku hizi haonekani barabarani. Ana njia yake ya msituni, na huko kuna mjane aitwaye Swaumu, kila akipita hushuka hapo, anapewa maji, anakaa."

Sasa nimejua kwa nini njia ya saa moja na nusu zaidi inakutuliza roho.

Usije. Mama akinyanyuka nitafanya nitakalofanya.

Mwanaamina binti Mwinyimadi


Soga
30 Aprili 1951

Kwako Swaumu, mwanamke wa vichakani,

Hunijui, lakini kitu changu unakijua. Mimi ndiye mke wa Kondo tarishi. Barua hii inaletwa na kaka yangu hadi Kisarawe, na kutoka hapo itakutafuta.

Nataka uniambie umempa nini mume wangu hata akasahau salamu za shemeji yake na maneno ya mkewe. Kama ni maji, maji yapo barabarani kote. Ujana ulio nao usikudanganye, nao utakwisha kama wa wenzako ulivyokwisha. Mtu anayemwacha mke wake katika hali niliyo nayo mimi, kesho atakuacha wewe.

Sitaki ugomvi. Nataka kujua tu.

Mwanaamina


Ukingoni mwa msitu, Kisarawe
13 Mei 1951

Kwa binti Mwinyimadi,

Mimi sijui kuandika. Anayeandika ni Sixtus, mlinzi wa msitu huu, kijana wa misheni, na ndiye aliyenisomea barua yako. Alipofika kwenye "mwanamke wa vichakani" aliona haya, akataka kuruka. Nikamwambia soma yote, masikio ni yangu mwenyewe.

Kweli naishi vichakani. Marehemu mume wangu alikuwa mfyekaji wa mkuza, akafa, mimi nikabaki. Umeuliza nimempa nini mume wako. Nimempa maji, na mara mbili mihogo ya kuchemsha. Umesema ujana wangu utakwisha. Mwanangu, ulikwisha Wajerumani wakiwa bado wako hapa. Nina meno manne, na la mbele hakuna. (Mimi Sixtus ni shahidi.) Nilicheka mpaka nikashika mbavu, Mungu akulipe, tangu mfungo uliopita sijacheka hivyo. Kisha nikaacha kucheka, maana nimeona kuna jambo hujaambiwa.

Mume wako hasikii.

Nilianza kumshuku siku mchi wangu ulipoanguka nyuma yake juu ya debe. Kuku waliruka, mbuzi akakata kamba, mimi mwenyewe roho ilinitoka. Yeye aliendelea kunywa maji yake.

Sasa namwachia Sixtus aseme aliyoyaona, mimi napumzika.

Mama, shikamoo. Ni mimi Sixtus. Ilikuwa tarehe 20 Aprili, asubuhi. Bwana Kondo alikuwa amesimama katikati ya mkuza, mnyororo wa baiskeli umetoka, ameinama anaurudisha. Mimi nilikuwa mbali kama hatua mia mbili. Nyati dume, mzee, aliye peke yake, akatoka kichakani nyuma yake. Hao walio peke yao ndio wabaya. Nikapiga filimbi. Nikapiga ukelele. Nikagonga panga kwenye jiwe. Bwana Kondo hakuinua kichwa. Nyati akamtazama, mimi nikawatazama wote wawili. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kisha nyati akapumua kwa nguvu, akageuka, akarudi alikotoka. Nilipofika, Bwana Kondo ananiambia, "Habari za asubuhi, Sixtus, mbona unatetemeka?" Nikamshika mkono nikamwonyesha kwato. Zilikuwa karibu na gurudumu kuliko kitanda na ukuta. Akakaa chini pale pale.

Ni mimi Swaumu tena. Sixtus alimleta kwangu. Nilimkalisha mbele yangu nikamwambia, "Nitazame mdomo, useme kweli." Ndipo akasema. Mwanzo wa Februari, wewe ukiwa umekwenda kwa mama yako, alishikwa na homa siku kumi. Akanywa kwinini nyingi. Homa ikaondoka, na masikio yakaondoka nayo. Mtu akiwa mbele yake anasoma midomo, anabahatisha. Akiwa nyuma hakuna kitu. Mwezi wa tatu lori lilimpigia honi, hakusikia, likamkwangua, likamtupa mtaroni, na dereva akashuka akamzaba kofi. Ndiyo sababu akaja njia hii isiyo na magari. Hakukimbilia mwanamke, mwanangu. Alikimbia magurudumu.

Alituapisha tusiseme, maana Boma wakijua watamwachisha kazi, na wewe ukijua utakaaje na mume kiziwi. Hayo ni maneno yake, nikamwambia ni ya kijinga. Sasa nimevunja kiapo. Dhambi ni yangu, nitajibu mwenyewe.

Umeandika "katika hali niliyo nayo." Mimi nimezaa sita. Naijua hali hiyo inavyoandikwa. Je, yeye anajua?

Swaumu binti Pazi, kwa mkono wa Sixtus


Soga
17 Mei 1951

Mume wangu Kondo,

Isome barua hii penye mwanga, umekaa, na baiskeli umeilaza.

Bibi Swaumu ameniandikia. Nimejua yote, ya homa, ya lori, ya nyati. Usimkasirikie. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, niliyemtukana mwanamke wa makamo ya bibi yangu.

Sasa sikia, maana hapa utanisikia.

Asubuhi ile ya Machi ulikuwa umeinama, unafunga mzigo kwenye keria. Mama alikuwa ndani, sikutaka ajue kabla yako. Nikasimama nyuma yako nikasema kwa sauti ya chini, "Kondo, nina mimba. Safari hii naona imeshika." Wewe ukakaza kamba. Ukaujaribu mzigo kwa mkono. Ukapanda, ukageuka ukasema, "Haya, tutaonana Mungu akipenda," ukaenda. Nilisimama pale mpaka mama akaniita.

Niliusemea mgongo wako, Kondo. Wala sikujua.

Basi nakuambia mara ya pili, kwa wino. Nina mimba. Sasa ni miezi mitano. Zile mbili hazikufika hapa. Inacheza, hasa nikilala ubavu wa kushoto, na jana ilipiga teke mama akaliona juu ya kanga, akapiga vigelegele akasahau nyonga yake, akainuka bila kushika ukuta.

Jambo moja nalitaka kwako. Ile barua ya mtu wa tatu, ulikuwa unasema nini?

Na siku zile mbili ulizokaa hapa ulinitazama sana mdomo. Nikadhani ni mapenzi.

Wako,
Mwanaamina


Kisarawe
22 Mei 1951

Mwanaamina, mke wangu, roho yangu,

Nilipewa barua yako natoka bomani, nikaenda nayo mpaka mkuzani, nikaisoma nimekaa kwenye gogo. Nilipofika penye neno lile la wino nilirudi mwanzo nikaanza tena, kama mtu asiyejua kusoma. Kisha nililia. Mimi sikujisikia, lakini Sixtus alikuja mbio na panga, anasema alidhani nimeshikwa na chui.

Mimba! Miezi mitano! Nami nakuandikia habari za kanga wa porini!

Umeuliza. Nitajibu bila kujificha. Ulipoandika "lile nililokwambia," sikujua ulisema nini. Nikaona haya kukuuliza, maana kuuliza ni kukiri. Nikabahatisha. Kabla hujaenda Soga ulikuwa ukisema mara kwa mara kwamba mama ahamie kwetu, nikadhani ni hilo. Mtu wa tatu niliyemkatalia nafasi ni mama yako, na hilo nalo ni aibu, lakini walau si aibu ile uliyodhani. Sasa naisoma barua ile upya kwa macho yako na natamani ingeliwa na mchwa njiani. Mtu anayeogopa kuonekana kiziwi akajifanya mjuzi, tazama alipofika.

Homa sikukuambia kwa kuwa ulikuwa na mgonjwa mwingine mikononi. Masikio sikukuambia kwa kuwa nilijua ningekuwa mtu wa kuongozwa. Nilikuwa nikilala najiuliza nitasikiaje ukiniita usiku. Kumbe uliniita, na sikusikia, na jua lilikuwa limewaka.

Mdomo wako niliutazama ili nikusome. Lakini yalikuwa mapenzi pia.

Kesho namwambia Bwana Karani. Akinifukuza anifukuze. Mwanangu hatazaliwa na baba anayejificha. Niombee.

Na mwambie mama aje. Makuti nimekwisha agiza. Naongeza chumba.

Kondo


Shamba la mkonge, Soga
1 Juni 1951

Shemeji Kondo,

Mimi si mwandishi, nitasema kwa kifupi. Nilikutukana mbele ya watu pale Pugu, na kule Kisarawe niliuliza habari zako kwa nia mbaya, kisha nikazipeleka kwa dada yangu bila kuzipepeta. Niwie radhi. Mimi ni dereva. Ningekuwa ni mimi nyuma yako siku ile ya mtaroni, ningepiga honi nikaamini umesikia, kama yule mwenzangu. Jambo hilo linanikosesha raha.

Nimeng'oa kioo cha lori bovu la shamba, mwenye gari karidhia. Nimekichomelea mkono wa chuma. Kifunge kwenye usukani upande wa kulia, kikaze na mpira wa tairi kisitikisike. Ukiona kitu ndani yake ujue kipo karibu kuliko kinavyoonekana.

Nawe usikae katikati ya njia, shemeji. Barabara si ya baba yako.

Maneno bin Mwinyimadi


Kisarawe
14 Juni 1951

Mke wangu mpenzi,

Ramadhani njema. Leo mfungo wa tisa. Nakuandikia kabla ya magharibi, na habari ni nyingi.

Nilimwambia Bwana Karani. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, "Bwana, mimi sisikii tangu Februari." Nikangoja.   Akavuta karatasi akaandika, akanigeuzia. Alikuwa ameandika hivi: *Tangu Februari, kuna samansi iliyopotea?* Nikasema hapana. Akaandika: *Iliyochelewa?* Nikasema hapana, naondoka mapema zaidi kwa ajili ya njia. Akaandika: *Basi tatizo ni nini?*  Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila swali isipokuwa hilo.

Barabara ya Pugu amempa tarishi mwingine. Mimi nimepewa vijiji vyote vya pembeni mwa msitu mpaka Maneromango, iwe ndiyo zamu yangu rasmi. Ile njia niliyokuwa nikiiiba sasa imeandikwa jina langu. Lakini alinipeleka kwanza Dar es Salaam kwa daktari, akaniandikia na cheti cha treni.

Daktari alinichungulia masikio yote mawili, akanigongea chuma chenye meno mawili kichwani. La kulia limekufa. La kushoto limebaki na kidogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili mlango umefungwa. Amesema lililokwenda halitarudi, wala haoni sababu ya kuzidi kuharibika ila nisiguse tena kwinini bila yeye kujua. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Nilidhani nitahuzunika. Nikaona nimetua mzigo. Miezi minne nilikuwa nikingoja kila asubuhi kuona kama masikio yamerudi. Sasa singoji. Nina macho mawili na kioo cha Maneno.

Kioo hicho, kamwambie, ni kitu cha ajabu. Mara ya kwanza niliona kitu kinanifuata mbio nikataka kuitupa baiskeli. Alikuwa Sixtus, ananikimbiza aniletee kofia yangu.

Najua utauliza nyati. Tumepatana hivi. Sixtus huzunguka mkuza alfajiri. Akiona nyayo mbichi au mavi yenye moshi, hufunga kitambaa chekundu kwenye mti wa kwanza mkuza unapoanzia. Nikikikuta sipiti, nazunguka kwa mashamba ya mihogo. Pale ambapo kichaka kimekaribia njia nashuka, nasukuma, natazama mbele na nyuma. Bibi Swaumu ana kazi ya kuhesabu nimepita saa ngapi, na nikichelewa anamtuma Sixtus. Ananikaripia kwa mikono yote miwili, nami naelewa kila neno.

Nitakuja Idi. Niambie unataka nini.

Mumeo,
Kondo


Soga
21 Juni 1951

Mume wangu,

Barua yako nimewasomea wote, mama, kaka Maneno, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Penye "basi tatizo ni nini" mama alisema Alhamdulillahi akafunika uso.

Mimi nilikuwa nimekwisha piga hesabu ya maisha mengine. Ukifukuzwa tutalima, nitauza vitumbua, tutaishi. Nilikuwa tayari kabisa. Nikajikuta nimekaa na utayari wangu wote na hakuna wa kumpa. Nikalala usingizi wa mchana wa mwanamke mwenye mimba, mzito, bila ndoto, mara ya kwanza tangu Machi.

Nyati simpendi hata kwa kitambaa chekundu. Lakini nimefikiria. Nyati mmoja alikutazama akaenda zake, lori halikukutazama. Pita huko huko.

Ukija Idi usipite barabara kubwa ya malori ya mkonge. Kaka anasema kuna njia inatoka stesheni, inafuata reli kwa upande wa kaskazini, kisha inakata mashamba mpaka nyuma ya nyumba yetu. Hakuna gari linaloiweza. Nitakaa uani nikiitazama. Na safari hii nikitaka kukuambia neno nitakuja mbele yako nikushike kidevu.

Nataka ukwaju wa huko Kisarawe. Mwingi.

Wako,
Mwanaamina


Soga
27 Septemba 1951

Kwa Bibi Swaumu binti Pazi na ndugu yangu Sixtus,

Shikamoo bibi. Sixtus, umsomee polepole, na usipunguze neno.

Juzi Jumanne, saa nane mchana, Mwanaamina amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Tumemwita Mwanamvua, maana mvua ya kwanza ilianguka akiwa na saa mbili duniani.

Nilikuwa nimepewa ruhusa na Bwana Karani tangu Jumamosi. Uchungu ulianza asubuhi nikiwa napasua kuni. Mama mkwe alinipiga begani, akanionyesha njia kwa mkongojo wake. Mkunga anakaa ng'ambo ya mashamba ya mkonge, na ni mwanamke mzito, na alikuwa hajapanda baiskeli maisha yake yote. Alikataa. Nikapiga magoti. Akapanda kwenye keria, amekumbatia kikapu chake, nami nikashika ile njia ya nyuma isiyo na magari, mteremko na mchanga mgumu, upepo usoni. Kwenye kioo niliona mdomo wake uko wazi, nikadhani anamwomba Mungu, nikaona vyema, nikaongeza mwendo. Alikuwa akipiga kelele nipunguze. Alipiga kelele njia nzima. Alinipiga mgongoni, nikadhani ananihimiza. Tulipofika alishuka, akaketi chini, akasema hatamzalisha mtu mpaka apewe maji, kisha alipopewa alisema, "Mwanamume huyu si kiziwi, ni mwendawazimu." Nyumba nzima ikacheka, na Mwanaamina huko ndani alicheka pia, nao uchungu ukamshika katikati ya kicheko. Mkunga anadai kicheko hicho ndicho kilichomshusha mtoto upesi, kwa hiyo sasa anajisifia yeye ile safari.

Mimi nilikaa uani.  Ningepata masikio kwa saa moja tu, ningetaka saa ile. Niliutazama mlango. Wanawake wakaingia, wakatoka, midomo yao inakwenda upesi mno, siisomi. Nikakumbuka zile mara mbili za kwanza, jinsi walivyotoka polepole wakinitazama miguuni. Nikangoja waanze kutoka polepole.

Mama mkwe akatoka bila mkongojo.  Alikuwa amemshika mtoto katika kanga, akaniwekea kifuani, hapa, shati likiwa wazi.

Bibi, alikuwa anatetemeka. Kifua chake kidogo kikavuta, kikasimama, kisha kikapiga ndani ya mbavu zangu, tena, na tena, mpaka kwenye meno. Nikainua macho. Wote walikuwa wakicheka na kulia, na kaka Maneno akaja mbele yangu akasema taratibu, kwa midomo mipana, ili nielewe, "Shemeji, binti yako ana sauti!"

Nikamwambia, najua. Nilijua kabla hujaniambia.

Wenu,
Kondo bin Mwinyijuma